Mbuzi Hawasali

Pasi yako ya safari imetoka! Imetoka, Wambeti, imepigwa muhuri, na ndiyo hiyo iliyokunjwa ndani ya karatasi hizi. Kama umefungua barua kwa pupa, kama unavyofungua kila kitu, basi iangalie hapo miguuni kabla hujaikanyaga. Jina lako limeandikwa sawasawa. La kijiji wamelikosea herufi moja, lakini karani amesema hakuna askari homugadi wa barabarani atakayeijua herufi hiyo. Kesho lori la misheni likianza safari utapanda ukae kama watu. Hutajificha nyuma ya magunia kama ulivyokuwa ukimwambia nyanya yako, Cucu, jana, na mimi nikijifanya sisikii.

Sasa nakusalimu. Hujambo, mwanangu? Masista wamekupa mahali pa kulala? Sisi tuko salama tangu ulipotuacha asubuhi. Mdogo wako Jumla amekutafuta chini ya kitanda, kisha akaenda kukutafuta kwenye banda la kuku, kisha akasahau akala kiazi. Baba yako anapanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Cucu ameshika kiondo chake, anasuka na kufumua.

Katekista Yohana atakuletea barua hii kwa baiskeli kabla ya kafyu. Amekaa hapa mlangoni na bakuli la uji. Nimemwambia ni mistari miwili tu, akacheka, akaenda kuegemeza baiskeli ukutani vizuri. Ananijua.

Hebu kwanza nikuambie ya ofisini, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia vile ilivyokuwa. Nilisimama kwenye foleni tangu umande. Nilipofika mbele karani akauliza ni nani anayesafiri na anakwenda kufanya nini. Nikamwambia ni mwalimu, anakwenda Mitunguu kufundisha darasa la kwanza. Nilisema kwa sauti, si kwa kelele, lakini yule mama wa mwisho kabisa kwenye foleni alisikia, nilimwona akigeuka. Karani akasoma karatasi ya Padri, akasema, "Hapa pameandikwa mwalimu wa majaribio." Nikamwambia hata yeye siku ya kwanza kupewa muhuri alikuwa wa majaribio, na muhuri haukumponyoka. Akainama kuficha meno. Kisha akapiga, pu. Wambeti, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile tangu kengele ya ndoa yangu.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu unajua barua zinavyofunguliwa pale kwenye kizuizi, na yule anayezisoma hakielewi Kiembu, na asichokielewa anakichoma. Tena nataka ujue kwamba mama yako anaweza. Habari ya chandarua, na ya kuchemsha maji ya huko chini, na ya kutokaa juani bila kitambaa, Cucu amekuambia na amekuambia tena. Mimi siongezi. Nataka kukujibu lile ulilosema jana.

Jana tukichambua maharagwe ulisema, "Mama, nambari tupu nitaziweza. Nikiandika nne ongeza tatu ubaoni, hata mtoto anayesinzia atajibu. Zinazonitisha ni hizo za mafumbo. Nikianza tu kusema fulani alikuwa na ndizi, akala, akapewa, tutapotea wote, na mimi nitakuwa wa kwanza." Kisha ukasema kwa sauti ndogo kwamba siku ya kufunga shule Padri msimamizi atakuja kuwasikiliza watoto wako hesabu hizo hizo. Wakinyamaza mbele yake, kama walivyomnyamazia mwalimu aliyekutangulia, utarudishwa nyumbani, na ile nafasi ya chuo cha ualimu atapewa mwingine.

Nami nikakujibu nini? Nikasema, "Angalia, unatupa maharagwe mazima." Nilijua nikifungua mdomo sitaufunga, na mizigo ilikuwa bado. Leo mizigo imekwenda na wewe umekwenda, basi sina cha kuniziba.

Wewe unajua nilifika darasa la tatu. Lakini darasa la tatu la misheni siku zile, Wambeti, si kama la tano la siku hizi? Tuliandika kwa kijiti mchangani, na Sista akikuambia futa unafuta kwa mguu na kichwa kinabaki nayo. Kwa hiyo shule yetu ilipofungwa ikafanywa kambi ya homugadi, na sisi sote tukaletwa hapa kijijini nyumba imebanana na nyumba, Katekista alinijia mimi. Hakwenda kwa mwingine. Alisema yeye ana wale wakubwa na wale wa ubatizo, wadogo hawana mtu, wanashinda wakirushiana matope. Akanipa kile kitabu cha hesabu cha Kiswahili kilichokosa jalada. Nilikipokea kama nimepewa shamba.

Wewe ulikuwa umefika darasa la nne ulipokatizwa, ukawa unakaa nyuma kabisa ukinisaidia kuwanyamazisha. Kwa hiyo mengine uliyaona. Lakini uliyaona kwa macho ya msichana anayemcheka mama yake, sasa uyaone kwa yangu.

Siku ya kwanza nilisoma fumbo la kwanza. Nilisoma kwa ile sauti yangu ya kanisani. Mzee alikuwa na mbuzi wanane. Mbuzi watatu waliuzwa. Walisalia mbuzi wangapi?

Kisha akasimama Marigu, yule binti wa jirani aliyekuwa na pengo la meno mbele.

"Hakuna, Mwalimu."

"Hakuna vipi?"

"Mbuzi hawasali."

Na wenzake wote wakaitikia kwa vichwa, wana hakika. Mmoja akajaribu kunisaidia, akasema labda wale watatu walisali, kama aliyewanunua ni Padri.

Wewe ulikuwa umeficha uso kwenye sketi yako, mabega yanaruka. Mimi sikucheka. Nilifikiri ananidhihaki, nikamwambia Marigu atoe kiganja, nikampiga. Alilia kidogo, si kwa uchungu, ni kwa mshangao. Alikuwa amejibu vizuri kabisa. Kiswahili chote alichokuwa nacho kilikuwa cha kanisani, na huko kusalia ni kumwombea mtu. Nani amemwambia neno hilo lina nyumba nyingine?

Jioni Katekista alinikuta nimekasirika bado. Nilitaka aseme watoto hawa ni wazito. Akasema, "Mama Filomena, mtoto amejibu swali alilolisikia. Lako hakulisikia." Akaenda zake. Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikamchomea Marigu hindi, nikampa bila kumwambia ni la nini. Alikula bila kuuliza, watoto ni wema.

Nakuambia hili kwa sababu huko uendako ni Wameru. Kimeru na Kiembu ni ndugu, lakini ndugu nao hugombana, hata nane yetu na nane yao hazilingani mdomoni. Utasema neno moja na wao watasikia jingine, na watakujibu lile walilolisikia, tena kwa adabu. Mtoto akikupa jibu la ajabu, maitu, kabla hujasema ni kosa muulize amesikia nini. Mimi nakuita maitu kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na leo zaidi, maana nakusemesha kama mtu mzima mwenzangu.

Baada ya mbuzi nilijiona nimejua dawa. Nikasema tatizo ni maneno, basi nitawapa maneno machache wayashike kama dua. Ukisikia "pamoja" au "akaongezewa," jumlisha. Ukisikia "akabaki" au "akampa," toa. Tuliimba hayo asubuhi na adhuhuri. Unakumbuka? Hata wanawake wakipita na mitungi waliimba. Na ikafanya kazi! Kila fumbo la kitabu walilijibu kabla sijafika mwisho. Nilitembea kijiji hiki kama mimi ndiye niliyemwaga wino wa kitabu. Nikamwambia Katekista Jumapili baada ya Misa wazazi wabaki waone watoto wao.

Walibaki wote. Hakukuwa na mahali pa kwenda. Watoto wakasimama kwa mstari, nikauliza, wakajibu, nikauliza, wakajibu, na mimi nikiangalia upande wa yule mama aliyekuwa akisema kwamba nawafundisha nyimbo. Kisha Katekista, huyu huyu anayekunywa uji wangu sasa hivi, akasema naye angependa kuuliza moja. Akasema, "Wanja alimpa nyanya yake ndizi tatu. Akabaki na ndizi tano. Mwanzo alikuwa na ngapi?"

Mstari mzima ukapiga kelele, "Mbili!"

Yule mama, unamjua ninayemsema, akauliza kwa upole kabisa, "Alikuwa na mbili, akampa nyanya yake tatu, na mkononi ana tano? Huyo Wanja tuonyesheni anakoishi, twende tukae kwake."

Kanisa lilicheka mpaka mbwa wakabweka nje. Nami nikacheka, ningefanya nini, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Wamesikia "akampa," wamesikia "akabaki," wakakimbia kutoa, hakuna hata mmoja aliyemwona Wanja. Nilikuwa nimewafundisha kuwinda neno na kuiacha habari yenyewe ipite. Na si wao waliokosea. Walifanya kile nilichowafundisha, tena kwa sauti moja.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hatujawahi kuongea mimi na wewe.

Nilisema basi, wacha kitabu, nitatunga yangu, ya maisha wanayoyaona. Niliona hiyo ndiyo akili. Nikaingia asubuhi nikasema, "Nyumba hizi za upande wetu zilikuwa na baba wanane. Baba watatu walichukuliwa kwenye lori. Wamebaki baba wangapi?" Nilisema haraka, nikiwa na furaha ya kutunga, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe. Baba yako alikuwa amechukuliwa na askari mwezi ule. Mimi nilikuwa nimemeza hilo kwa kufanya kazi, nikafikiri kila mtu amemeza.

Hakuna mtoto aliyeangalia vidole vyake. Hata Marigu. Wote walikuwa wakiangalia mlango. Na wewe kule nyuma ukasimama, ukaweka chini kibao ulichokuwa ukikifuta, ukatoka. Ulifikiri sikukuona. Nilikuona, nikageuka nikaandika nane ubaoni, nikaandika tatu chini yake, nikaendelea na kazi. Nilipaswa kutoka nyuma yako. Nilikuwa naogopa kwamba nikitoka sitaweza kurudi ndani, na watoto wale wote walikuwa wakiniangalia mgongo.

Cucu alisikia habari hiyo kwa watoto. Hakunigombeza. Alisema tu, "Watu hawatolewi, Igoki." Akarudi kusuka kiondo chake.

Kwa hiyo kule Mitunguu toa ndizi. Ziko nyingi huko, zitoe upendavyo, ziliwe, ziuzwe, zioze. Toa mtama, toa mayai. Mtu katika fumbo lako akienda mahali, mwache aende sokoni na arudi. Hujui ni mlango gani mtoto anauangalia.

Katekista amekohoa. Nimemwongezea uji.

Jinsi nilivyopata njia, nikuambie ukweli, sikuipata mimi. Niliikuta ikichezwa kwenye matope.

Unakumbuka lango letu wakati ule, na yule homugadi tuliyemwita Bwana Mawe. Kijana wa huko chini Mbeere, mrefu, koti limemzidi. Kazi yake ilikuwa kutuhesabu tukienda shamba au kuchimba lile handaki la kuzunguka kijiji, na kutuhesabu tukirudi. Hakuamini kichwa chake, akawa na mkebe. Mwanamke akitoka, kijiwe kinaingia mkebeni. Akirudi, kijiwe kinatoka. Hata mtoto wa mgongoni alikuwa na kijiwe chake, kwa sababu walikuwa wamesema kuna watu wanafunga chakula mgongoni kama mtoto wakiwapelekea watu wa msituni. Mkebe ukiwa mtupu ndipo lango linafungwa. Mkebe ukibaki na kijiwe, sote tunakaa chini pale kwenye baridi mpaka mwenye kijiwe aonekane. Na Cucu, unamjua, watu na mbuzi kwake hawahesabiwi, akifika langoni anasema, "Hesabu hao wengine, mimi niandike kuni."

Basi siku moja narudi, nakuta wale wadogo wangu wanacheza lango. Marigu ndiye Bwana Mawe, amevaa jani la mgomba kichwani. Wengine ni wanawake, wamejitwisha vijiti. Sikujitokeza, nilisimama nyuma ya nyumba ya jirani.

Marigu amefunga njia kwa mikono. "Mlitoka wanane. Wameingia watano. Watatu wako wapi?"

"Wawili wanateka maji."

"Na huyo mwingine?"

"Amechuchumaa kichakani."

"Mwambieni afanye haraka, mkubwa anakuja."

Wambeti, nilishikilia ukuta. Nane, tatu, tano. Zilikuwa nambari zile zile za mbuzi. Zile zile za ndizi za Wanja. Mtoto niliyempiga kiganja kwa nambari hizo alikuwa anazihesabu huku anachezesha jani kichwani, wala hakutumia kidole. Tena hakuulizwa wangapi wamebaki, alijiuliza mwenyewe wangapi bado, ambalo kitabuni lilikuwa ukurasa wa mbali ambao hata sijafika. Kwa nini aliweza? Kwa sababu alijua ni nini kimetokea. Aliwaona wakitoka na akawaona wakiingia. Nambari ilikuja yenyewe mwisho, kama mtu wa mwisho kwenye foleni.

Kuanzia kesho yake nilifunga kitabu mpaka saa ya mwisho. Tulicheza kwanza. Marigu akawa Wanja, mtoto mwingine na kitambaa kichwani akawa nyanya, maharagwe yakawa ndizi. Kabla ya kugawa nikauliza, nyanya amekuja kufanya nini? Wakasema amekuja kuomba ndizi. Amepewa? Amepewa tatu. Zilizo mkononi mwa Wanja ni hizi tano. Sasa nyanya akizirudisha, Wanja atakuwa na ngapi? Wakazirudisha pamoja, wakahesabu, wakaangaliana. Hapo ndipo niliona uso wa mtoto ukifunguka, na nakutakia uuone huo uso hata mara moja, hakuna mshahara unaoushinda.

Lakini walivyojifunza kweli kwamba hesabu ni habari ya kitu kilichotokea, walijifunza siku ya Jumla. Na mimi ndiye niliyewafundisha, wacha nijisifu, ingawa siku hiyo sikuwa hata darasani.

Wewe ulikuwa nyumbani ukiwasha moto. Tulitoka asubuhi kumi na mmoja, vijiwe kumi na kimoja, mimi na tumbo langu na Cucu nyuma yangu akiandikwa kuni. Sikuwa nimemwambia mtu kwamba mgongo unaniuma. Jua lilipokuwa katikati, pale chini ya mgomba wa mpaka, nikazaa. Cucu alinipokea, wanawake wakanizunguka kwa kanga zao. Nikapumzika, nikanywa uji baridi, na jioni ikafika kama kawaida maana kafyu haingoji mzazi.

Tukapanga mstari langoni. Mmoja anapita, kijiwe kinatoka. Mimi nilikuwa wa mwisho, Cucu amenishika kiwiko. Kijiwe changu kikatoka, mkebe ukawa mtupu, Bwana Mawe akaugeuza kuhakikisha. Hapo kitambaa changu cha kifuani kikapiga chafya.

"Hicho ni nini?"

"Ni mtoto."

"Asubuhi hukuwa na mtoto."

Cucu akamwambia, "Alikuwa naye. Wewe ndiye hukumwona."

Kijana akaangalia mkebe, akaniangalia, akaangalia mkebe tena. Niliona hofu yake, si ubaya. Alijua akikosea hesabu ni yeye atakayelala ndani. Akasema, "Mawe yamekwisha. Mmoja amezidi. Aliyezidi hawezi kuingia mpaka mkubwa aje."

Wale waliokuwa wameshaingia wakageuka. Kisha mmoja akasema kwa sauti ya uchovu, "Basi atoe mmoja. Si ndiyo kazi yake, kutoa." Na wakaanza kucheka, Wambeti, wanawake waliokuwa hawajacheka tangu mavuno, walicheka wakashika magoti. Watoto wangu wa darasa walikuwa wamekuja kuwapokea mama zao, wakakaa kwenye ukingo wa handaki wanaangalia.

Nilikuwa nimechoka hata kusimama. Nikamwambia, "Bwana, wewe kila jioni unatoa tu. Leo jumlisha."

Akasimama vile, koti limemzidi. Kisha akainama, akatafuta chini, akaokota kijiwe, si chochote tu, alichagua, akakitia mkebeni. Tulikisikia kikilia. Akakitoa tena. "Haya," akasema, "pita naye."

Darasani siku niliyorudi sikuwa nimefungua mdomo bado, Marigu akasimama akasema ana fumbo. Walitoka kumi na mmoja, wakarudi kumi na wawili, wala hakuna mgeni aliyeingia. Imekuwaje? Darasa zima likapiga kelele, "Amezaliwa!" Walianza kumwita mdogo wako Jumla, na jina la ubatizo likabaki kwa Padri peke yake. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinatolewa kwetu, mbuzi, shamba, wanaume. Mimi nilijumlisha. Sijui mwanamke mwingine wa kijiji hiki anayeweza kusema hivyo, na kama yuko ajitokeze.

Kwa hiyo sikuogopei. Wewe ulikuwapo, hukuwa unafundishwa lakini ulikuwapo, na mambo ya namna hiyo huingia kwa mlango wa nyuma. Ukifika mbele ya watoto hao usiwatafutie maneno ya kushika. Waache wakusimulie kwanza ni nani na ni nini kimempata, kwa Kimeru chao wakitaka. Mtoto akiweza kukusimulia bila nambari, nambari atazipata. Na waache watunge yao. Utasikia mambo ya nyumba zao mpaka uzibe masikio.

Baba yako nimemuuliza kama ana neno. Unajua tangu aliporudi maneno kwake huja moja moja. Amesema, "Mwambie akikosea mbele yao, wamwone akikosea." Halafu akarudi kwa kuni zake. Mimi ningesema jambo hilo kwa kurasa nne.

Ndani ya kiondo chako, chini ya unga, nimeweka mfuko wa maharagwe. Ni yale makavu makubwa meusi, si ya kupika, njaa ikikupata jizuie. Ni ya darasa.

Katekista amesimama. Amevaa kofia. Anasema, "Mama Filomena, jua." Nimemwambia namalizia, na safari hii ni kweli.

Nilikuwa nikiangalia kitanda chako nikafikiri juu ya lile neno la Marigu. Kumbe hakukosea hata kidogo. Waliosalia nyumbani ndio watakaokusalia. Kila jioni, hapa, kabla ya lango kufungwa, sisi tuliosalia. Hata mbuzi wa Cucu, kama atakubali.

Ukisimama mbele ya Padri siku hiyo ya kufunga shule, usiangalie uso wake. Angalia watoto, kisha angalia mlangoni. Pasi zetu nimeshaziongelea na karani leo leo, aliponipa yako. Alisema ni mapema mno, nikamwambia hata Jumla alikuja mapema. Nitakuwapo mimi, na baba yako na mguu wake mbovu, na Jumla mgongoni ingawa amekuwa mkubwa, na Cucu, ambaye usimhesabu, mwandike kuni. Tutafika sote Ijumaa hiyo ya kufunga shule, ile iliyo kabla ya Jumapili ya Matawi.

Mama yako,
Filomena Igoki